Acheni Kusema "Ajali Haina Kinga": Zebra za Bongo Zinahitaji Sera, Siyo Emoji za Machozi

Wiki moja tu mjini inatosha kuona mchezo mzima.

Jumatatu, staa mmoja wa Bongo Fleva, mwenye mafolowa wa kujaza Uwanja wa Mkapa mara kibao, anaposti klipu akiwa ndani ya ndinga lake jipya. Foleni imekaza, dereva wake anaamua kutanua. Gari linashuka pembeni ya lami, linapita kwenye vumbi, kulekule wanakopita wanafunzi na mama wa vitumbua. Muziki juu, washkaji siti ya nyuma wanacheka. Laiki zinamiminika. Komenti iliyo juu kabisa inasema, "Mjini akili!"

Alhamisi, staa huyohuyo anaposti picha nyeusi tupu, mpaka watu wanaulizana nani kafa. Kumbe hakuna aliyekufa, Mungu ametenda. Ni mcheza shoo aliyewahi kufanya naye kazi, kagongwa kwenye zebra usiku akitoka kushuti video. Chini ya picha kaandika yaleyale ya siku zote: "Ajali haina kinga. Mungu akuponye dada." Emoji za machozi, emoji za mikono ya dua, kwisha. Kufika Ijumaa jioni watu wako kwenye bifu jingine.

Majina yakae kapuni. Ishu siyo huyo staa, maana wa namna yake wako wengi na wiki ijayo atakuwa mwingine. Ishu ni hiyo sentensi. "Ajali haina kinga" ni maneno matamu, yanafariji, hayamgombanishi mtu na mtu. Ubaya wake ni mmoja: kwa mtu anayevuka barabara kwa miguu, siyo kweli. Kinga ipo, inajulikana, ina vipimo vyake na bei yake. Kinachokosekana ni watu wa kuidai.

NAMBA KWANZA, KELELE BAADAYE

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya usalama barabarani mwaka 2023. Inasema watu wapatao milioni 1.19 wanafariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kati ya kila watu watano wanaokufa, mmoja hivi alikuwa anatembea kwa miguu. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachoua zaidi ya barabara. Siyo malaria, siyo Ukimwi. Barabara. Huo umri ndio umri wa karibu kila anayesoma hapa, pamoja na wadogo zake.

Halafu kuna hili la Afrika, ambalo linauma zaidi. Bara hili lina kama asilimia 3 tu ya magari yote duniani, lakini linabeba karibu moja ya tano ya vifo vyote vya barabarani. Magari kiduchu, misiba mingi. Kama ajali ingekuwa bahati mbaya tu, au mkono wa Mungu kama wanavyosema kwenye komenti, basi ingegawanyika sawa kwa wote. Haigawanyiki sawa. Inamfuata anayetembea kwenye barabara iliyochorwa bila kumfikiria.

DADA ALIGONGWAJE?

Kwa maelezo ya waliokuwepo, yule dada alifanya kila kitu anachofundishwa mtoto wa darasa la pili. Alisimama ukingoni, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena, akanyoosha mkono. Gari la njia ya kwanza likasimama vizuri kabisa. Akaanza kuvuka. Gari la njia ya pili halikuelewa mwenzake kasimamia nini, likampita. Dada akachomoza mbele ya lile gari lililosimama, na dereva wa pili alimuona akiwa ameshafika kwenye boneti.

Mguu umevunjika sehemu mbili. Kwa mtu ambaye mguu ndiyo ofisi yake, hiyo ni barua ya kuachishwa kazi. Shoo za miezi ijayo zimekwenda kwa wengine, kodi ya chumba haijui kama kuna plasta.

Sasa sikia. Ajali ya namna hii wahandisi wa barabara wanaifahamu siku nyingi. Inatokea kila mahali palipo na zebra iliyochorwa kwa rangi tu kwenye barabara ya njia mbili au zaidi kwa upande mmoja. Gari la kwanza linaposimama linageuka ukuta, linamficha anayevuka asionekane na gari la pili. Dawa zake zipo: mstari wa kusimamia magari unawekwa mita kadhaa nyuma ya zebra ili la pili lione mapema, zebra yenyewe inanyanyuliwa iwe kama tuta pana ili kila gari lipunguze litake lisitake, katikati kinawekwa kisiwa cha kusimama, na taa kali inamulika pale anapovukia mtu. Pale ambapo magari ni mengi mno, yanawekwa mataa.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji sayansi ya kwenda mwezini. Ni saruji, rangi, nyaya na uamuzi. Hicho cha mwisho ndicho huwa hakipatikani dukani.

HESABU YA NJIA NANE

Chukua Barabara ya Morogoro, kile kipande cha Kimara hadi Kibaha. Kilomita 19.2 zilizopanuliwa kutoka njia mbili mpaka njia nane. Ni barabara ya maana, hakuna ubishi. Kabla yake, mtu wa Kibaha alikuwa anaweza kumaliza albamu nzima kwenye foleni na kuanza nyingine.

Ila piga hesabu ya mtu wa miguu. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5. Njia nane ni mita 28, bila kuhesabu nafasi ya katikati na ya pembeni. Mtu mzima akitembea kawaida anakwenda kama mita 1.2 kwa sekunde. Akivuka zote kwa mkupuo mmoja, hizo ni sekunde 23 juu ya lami. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, maana yake ndani ya sekunde hizo 23 limeshakula zaidi ya nusu kilomita.

Yaani mama mwenye mtoto mgongoni anatakiwa aone gari lililo nusu kilomita mbali, akadirie mwendo wake, usiku, taa zikiwa zimempiga machoni, halafu afanye hivyohivyo kwa kila njia. Rubani analipwa mamilioni kwa kazi rahisi kuliko hiyo, na ana rada.

Kisiwa cha katikati, kipana, chenye ukingo mgumu, kinaikata hiyo hesabu nusu kwa nusu. Mtu anashughulika na upande mmoja, anapumua, anahamia wa pili. Ndiyo maana kisiwa siyo pambo la kupandia maua.

KASI NDIYO MUUAJI, WENGINE WAPAMBE

Dereva yeyote akiona mtu mbele, kwanza ubongo unachukua kama sekunde moja kushtuka, ndipo mguu unafika kwenye breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la kilomita 30 kwa saa litasimama ndani ya mita kama 13. La kilomita 50 litahitaji karibu 28. La kilomita 80 litahitaji karibu 60. Mtoto akichomoka mita 20 mbele, wa 30 atampigia honi na kumtukana, wa 50 atamgonga, wa 80 hatakuwa hata ameanza kukanyaga breki.

Na kugongwa kwenyewe hakulingani. Shirika la Afya Duniani linasema ukitoka kilomita 50 kwenda 65 tu kwa saa, hatari ya mtembea kwa miguu kufa inapanda mara 4.5. Kilomita 15 za ziada, zile ambazo dereva wa daladala anaziongeza ili awahi abiria mmoja wa mia sita, ndizo zinazotenganisha wodi na mochwari.

Ndiyo maana mwaka 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi mbalimbali walipokutana Stockholm, Sweden, walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari wanachanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatangaza muongo wa 2021 hadi 2030 wa kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa angalau nusu. Muongo wenyewe ndio huu unaokatika.

"LAKINI WATEMBEA KWA MIGUU NAO WANAJITAKIA"

Hii komenti haikosekani. Na ina ukweli wake, isifichwe. Wapo wanaovuka wamejaza spika masikioni na macho yako kwenye simu. Wapo wanaotoka baa hawajui kushoto ni wapi. Kuna dada mmoja wa TikTok, jina kapuni vilevile, aliyesimamisha magari kwenye zebra ili acheze chalenji, magoma mawili mpaka mwisho, wenye magari wakipiga honi. Huo ni utoto. Kila dereva aliyecheleweshwa pale amejifunza kwamba zebra ni sehemu ya vichekesho, na anayekuja kulipa ni bibi wa kesho yake.

Lakini adhabu ya kuangalia simu haiwezi kuwa kifo. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha msimamo kwamba binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lake lisimuue. Wenyewe wanauita Dira ya Sifuri. Jirani zao wa Oslo, Norway, walipunguza mwendo, wakaondoa maegesho mengi katikati ya mji, wakawapa nafasi waenda kwa miguu na baiskeli, na mwaka 2019 hakuna hata mtembea kwa miguu mmoja aliyekufa barabarani mji mzima. Watu wa Oslo nao wana simu. Nao wanalewa. Barabara yao ndiyo ina akili timamu.

Halafu angalia hili la kuvuka "ovyo". Abiria anashuka kituoni, nyumbani kwake ni ng'ambo, zebra iko mita 300 mbele. Akienda na kurudi ni mita 600, na ndoo ya samaki kichwani, juani. Atavuka pale pale aliposhukia, na yeyote angevuka palepale. Aliyeweka kituo huku na zebra kule ndiye aliyemtuma. Ukitaka kujua watu wanataka kuvukia wapi huhitaji mtaalamu kutoka nje, angalia tu nyasi za katikati ya barabara zimekanyagika wapi.

MADARAJA YA MIGUU: SURA NZURI, NGAZI NYINGI

Kila watu wanapolalamika, jibu la haraka ni "watajengewa daraja la juu". Watu wa Manzese wanalo siku nyingi mpaka kituo kikaitwa Darajani. Na kweli kuna sehemu daraja halikwepeki, hasa kwenye barabara pana ya magari ya kasi.

Tatizo ni pale daraja linapokuwa jibu la kila kitu. Daraja la miguu linampandisha mtu ngazi ili gari lisipunguze mwendo. Mwenye kiti cha magurudumu hapandi. Mjamzito anapanda akihema. Mbeba mzigo anaangalia ngazi, anaangalia lami, anachagua lami. Usiku, kama hakuna taa, juu kule ni ofisi ya vibaka. Mtu anachagua kati ya kugongwa na kukabwa. Nairobi waliona filamu hiyo kwenye Thika Road: barabara pana, ya kisasa, ilikamilika mwaka 2012, na muda mrefu watu wameendelea kukimbia katikati ya magari hata pale daraja lilipo.

Kwa mjini, mahali pa kwanza pa mtu wa miguu ni chini, kwenye usawa wake, na gari ndilo lipunguze. Daraja lije pale tu ambapo hilo halitekelezeki, na likija liwe na njia ya mteremko na taa.

SHERIA YA TANGU WAZAZI HAWAJAKUTANA

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973. Imerekebishwa hapa na pale, lakini mifupa yake ni ya enzi ambazo wazazi wa wasomaji wengi wa hapa walikuwa hawajakutana, wengine hata hawajazaliwa. Hakukuwa na bodaboda wala bajaji. Mwendokasi imekuja kuanza 2016.

Ipo pia Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani ya mwaka 2009. Kuna Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Kuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika zake kwenye vioo vya magari. Kwa hiyo siyo kwamba nchi haijawahi kufikiria. Shida ni kwamba mtembea kwa miguu hana mwenyewe. Anatoka nyumbani kwenye barabara ya TARURA, anavuka barabara ya TANROADS, anavushwa na trafiki wa Polisi, anapanda daladala yenye leseni ya LATRA. Taasisi nne, mguu mmoja. Zebra ikifutika, kila mmoja anaweza kusema siyo yangu, na wala asiwe muongo.

Na kwenye mwendo, kikomo cha makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye barabara kuu za mikoani vibao vya 50 vipo na tochi za trafiki zipo. Lakini kila aliyepanda basi la mkoani anajua mchezo: madereva wanawashiana taa kuambizana tochi iko wapi, wanapunguza, wakishapita wanafungulia. Dereva anapunguza kwa kuogopa tochi, hapunguzi kwa ajili ya mzee anayevuka na baiskeli yake. Tochi inalala saa za usiku. Tuta halilali.

KINACHOFANYA KAZI KIMESHAFANYIKA HAPAHAPA

Hii ndiyo sehemu ambayo ingetakiwa kuwa trendi lakini haijawahi. Dar es Salaam, siyo Ulaya, ndiko shirika la Amend lilikoanzishia mpango wake wa kuzitengeneza barabara zinazozunguka shule za msingi. Walichofanya hakina mbwembwe: wanauliza watoto wanagongwa wapi, wanajenga njia ya miguu, wanaweka matuta, wanachora zebra na kusimika vibao, na wakati mwingine wanahamisha geti la shule ili lisifungukie barabara kuu. Geti tu!

Kwenye shule zilizoguswa, majeruhi walipungua kwa hadi asilimia 26 na mwendo wa magari ukashuka kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, Tuzo ya Ross, yenye thamani ya dola 250,000. Dar nayo kama jiji ilikuwa ya kwanza Afrika kuchukua Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya 2018, kwa ajili ya mwendokasi. Bongo ina tuzo mbili za dunia kwenye mambo haya na watu wanajua tuzo za muziki tu.

Kwa hiyo akija mtu na hoja kwamba usalama wa watembea kwa miguu ni anasa ya wazungu, aulizwe hao watoto wa shule za msingi Dar ni wazungu wa wapi.

HELA IPO WAPI?

Swali halali. Matengenezo ya barabara nchini yanategemea Mfuko wa Barabara, na huo unakula sana kutoka kwenye tozo ya mafuta. Watu wenye magari hupenda kusema, "Sisi ndio tunaolipa." Siyo wao peke yao. Kila nauli ya daladala ina mafuta ndani yake. Kila fungu la nyanya lililotoka Ilula lina mafuta ndani yake. Asiyemiliki hata baiskeli analipia barabara kila siku, ila akiitumia anaambiwa ajibane pembeni, kwenye mtaro.

Nairobi mwaka 2015 walipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, wakaahidi asilimia 20 ya fedha zao za barabara ziende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Utekelezaji ni hadithi nyingine, lakini angalau kuna namba kwenye karatasi ambayo mwananchi anaweza kuishika na kuuliza, "Iko wapi?" Hapa nyumbani hakuna namba ya namna hiyo inayojulikana mtaani, na ahadi isiyo na namba haina mdai.

Na usisahau njia za miguu zilizopo. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, sababu mojawapo iliyotajwa ikiwa ni kuacha njia kwa watembea kwa miguu. Haya, njia ikaachwa. Pita leo sehemu nyingi uone: gari limepaki juu yake, bodaboda inakatiza juu yake, kifuniko cha mtaro hakipo. Kama njia ilikuwa ya watembea kwa miguu kiasi cha kumhamisha mtu na mtaji wake, basi ilindwe na dhidi ya Prado pia.

CHA KUDAI NI NINI HASA?

Kelele bila orodha ni kiki. Orodha ni hii.

Moja, sheria iandike kilomita 30 kwa saa kuzunguka shule, masoko, hospitali na stendi, na barabara zenyewe zibanwe kwa matuta na zebra za kunyanyuliwa ili hata asiyesoma kibao atii.

Mbili, mradi wowote wa barabara inayopita kwenye makazi usipitishwe kama mchoro hauna njia ya miguu pande zote mbili na kivuko kwenye kila kituo cha daladala. Kituo na kivuko viwe pacha.

Tatu, sehemu ya Mfuko wa Barabara itengwe kwa watembea kwa miguu, kwa asilimia inayotajwa hadharani, na kila mwaka wananchi waambiwe ilikwenda wapi.

Nne, kila mtu anapofia barabarani akiwa anatembea, uchunguzi usiishie kwa dereva na marehemu. Barabara nayo ihojiwe. Taa zilikuwepo? Zebra ilikuwa inaonekana? Mara ya ngapi hii hapohapo? Na ramani ya maeneo hayo iwekwe wazi mtandaoni.

Tano, kila kivuko kiwe na mwenyewe: taasisi moja, na namba ya simu kwenye nguzo. Rangi ikifutika ijulikane anapigiwa nani.

Atatokea wa kusema matuta yanaharibu gari na kuongeza foleni. Tuta baya, lile la kushtukiza lisilo na kibao wala rangi, ni kweli linaharibu. Dawa yake ni kujenga tuta zuri. Shokapu inauzwa Kariakoo. Goti la binadamu halina duka.

NA MASTAA JE?

Wana nguvu kuliko wanavyojua. Staa mmoja akivaa kofia, wiki ijayo mji mzima una ile kofia. Huyohuyo akiposti anatanua na kucheka, ameshawafundisha madereva wa bodaboda elfu kumi kwamba pembeni ya lami ni njia ya wajanja.

Wanaojua kuitumia wapo. Kuna mchekeshaji mmoja, naye kapuni, aliyesimama kwenye zebra na simu mkononi akawa anahesabu magari yanayopita kabla hata moja halijasimama. Alihesabu vidole vya mikono vikaisha, akavua viatu akahamia vya miguu, navyo vikaisha. Klipu ilichekesha, halafu ikanyamazisha. Hakutaja dereva wala kiongozi yeyote, hakutukana mtu. Alionesha zebra tu, na kila aliyeitazama alijua ni ya mtaani kwake.

Huo ndio ubalozi. Fulana za kampeni na picha na viongozi siku ya uzinduzi ni sawa, ila staa anayepewa ubalozi wa usalama barabarani aulizwe swali moja kabla ya kusaini: lini mara ya mwisho alivuka Barabara ya Mandela kwa miguu?

Mbunge hasomi dua zilizoandikwa chini ya picha nyeusi. Anasoma jina la barabara likitajwa na watu elfu tano kwa siku moja, tena wenye kadi za mpiga kura. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila ofisi inaielewa.

Kwa hiyo wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Kivuko gani mtaani kwenu kinatisha kuliko vyote? Taja barabara, taja kituo, sema kinakosa nini: taa, tuta, rangi au vyote. Wa mikoani pia, Mwanza, Mbeya, Arusha, Dodoma, msijifiche. Kutaja majina ya watu hakuruhusiwi, matusi hayapiti. Na atakayeandika "ajali haina kinga" ajiandae kujibiwa.